Nyarugusu: Wabeja bila bahasha

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyarugusu haiamki, kwa sababu haikulala. Makarasha yamesaga mawe usiku kucha. Bodaboda zinapita na viroba vya mawe vilivyofungwa kwa mpira. Mama ntilie amekwishabandika chai na anageuza chapati za kwanza, maana wachimbaji wanaotoka kwenye maduara wana njaa, na wanaoingia hawataki kuingia na tumbo tupu.

Katikati ya pilikapilika hizo, askari polisi aliyemaliza lindo la usiku anarudi nyumbani kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Njiani anakutana na mtoto wake, amevaa sare ya shule na begi mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Haya, soma vizuri."

Mazungumzo ya baba na mwana ya siku hiyo yanaweza kuishia hapo. Mtoto akirudi jioni, baba atakuwa anafunga mkanda kurudi kazini.

Ni jambo dogo na wapita njia wengi hawaligundui. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kulea kwa zamu, awe nesi, dereva wa basi au mlinzi, anajua uzito wake. Na katika mji wa dhahabu kama huu, zamu ya polisi ina uzito wake wa peke yake.

Nyarugusu ipi?

Ukitaja Nyarugusu, wengi hufikiria kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Hii ni nyingine. Nyarugusu ya dhahabu ni kata katika Wilaya ya Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa jirani, ikiwamo Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Anayetoka Mwanza siku hizi hana tena haja ya kusubiri kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Basi likishavuka ziwa hupita Sengerema na kuingia Geita mjini, ambako wauza mananasi hukimbilia madirishani. Kutoka hapo, safari ya kwenda Nyarugusu inakuwa ya magari madogo na pikipiki. Njiani kuna mashamba ya mahindi na mihogo, ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, kisha ghafla yanaonekana mahema ya maturubai, vifusi na magogo yanayozibwa kwenye midomo ya mashimo. Dhahabu imeanza.

Si jambo jipya huku. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Pembeni ya historia hiyo ya makampuni kuna historia ya wachimbaji wadogo, watu wenye sururu, tochi na winchi, na Nyarugusu ni miongoni mwa sehemu zinazofahamika sana kwao.

Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha na watu wa karibu kila mkoa wanakutana hapa. Asubuhi utasikia "mwangaluka" kwenye foleni ya maji. Mtu akifanyiwa wema, husema "wabeja", yaani asante. Neno hilo ni fupi, lakini katika mji wa dhahabu si rahisi kulisema kwa askari polisi. Sababu yake inaonekana mtu akitazama kwanza kazi yenyewe.

Kazi isiyo na mwisho

Mji wa kawaida hukua polepole. Watu wanajuana kwa ukoo, kwa msikiti, kwa kanisa, kwa shule. Mji wa dhahabu hautoi nafasi hiyo. Habari ikienea kwamba sehemu fulani mawe yametoa, wiki hiyohiyo watu wanafurika kutoka mbali, na mawe yakikataa wanaondoka vilevile. Jirani wa leo hajulikani alitoka wapi. Fedha taslimu zinatembea mifukoni usiku. Vilabu vya pombe viko wazi. Mgogoro wa mpaka wa shimo unaweza kuanza kwa maneno na kuishia kwa panga.

Katika hali hiyo, askari wa kituo kidogo hufanya kazi za watu kumi. Asubuhi ni mke aliyepigwa, anahitaji PF3. Mchana ni wabia wawili wa duara wanaogombea mgawo. Jioni ni mtoto aliyepotea gulioni. Usiku ni doria. Na siku yoyote, saa yoyote, inaweza kuja taarifa ambayo kila familia ya mchimbaji huiogopa: duara limetitia.

Nyarugusu inaijua taarifa hiyo. Mwishoni mwa Januari 2017, wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa chini ya ardhi katika mgodi mmoja wa eneo hili. Siku zilipita, ndugu wakiwa juu wanasubiri. Januari 29 wote 15 walitolewa wakiwa hai. Taifa zima lilishusha pumzi.

Siku kama zile, macho yote huwa kwenye mdomo wa shimo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Waokoaji na wachimbaji wenzao ndio hubeba mzigo mkubwa. Lakini kuna kazi nyingine ambayo haipigwi picha. Lazima mtu azuie umati usisogelee udongo uliolegea. Lazima mtu aandike majina ya walioingia na kuwauliza ndugu waliofika. Na mambo yakienda vibaya, lazima mtu amtafute mke wa marehemu na kumwambia. Mara nyingi mtu huyo ni askari, ambaye naye ana mke, mume au mama anayemsubiri nyumbani.

Nyuma ya mlango wa kota

Askari wa Tanzania hachagui pa kuishi. Anahitimu mafunzo, anapangiwa kituo, anakwenda. Aliyezaliwa Lindi anaweza kujikuta Geita. Baada ya miaka michache anahamishwa tena, na familia inafunga mizigo: godoro, sufuria, televisheni, na daftari za mtoto ambaye ndiyo kwanza amepata rafiki.

Kwa mtoto wa askari, uhamisho una maana ya kuanza upya. Anaingia darasani katikati ya muhula, hajui wimbo wa shule, hajui mwalimu yupi ni mkali. Mchana wenzake wanamwuliza baba yake anafanya kazi gani. Akijibu, wengine wanamsogelea kwa kutaka hadithi za bunduki, wengine wanamkwepa. Siku ambayo baba wa mwanafunzi mwenzake amekamatwa, mtoto huyo ndiye husikia maneno: "Baba yako ndiye aliyemchukua baba yangu." Hana cha kujibu, kwani hakumkamata mtu.

Mke au mume wa askari naye ana kazi yake. Biashara aliyoijenga kituo kilichopita, genge la nyanya au cherehani, imebaki huko. Hapa anaanza tena kwa mtaji mdogo. Si kila kituo kina nyumba za kutosha, kwa hiyo familia nyingi nchini hupanga vyumba uraiani, ukuta mmoja na watu ambao kesho wanaweza kuwa watuhumiwa. Hatua zimepigwa: Julai 2019, Rais John Magufuli alizindua nyumba 20 za askari eneo la Magogo, Geita mjini. Lakini nyumba za mjini haziwezi kuwafikia askari wote walioko kata za machimboni.

Kisha kuna usiku wenyewe. Familia za polisi za mkoa huu hazijasahau Septemba 2014, pale majambazi walipovamia kituo cha polisi cha Bukombe, wakaua askari wawili na kupora silaha. Mmoja wa waliouawa alikuwa askari wa kike. Walikuwa kazini, ndani ya kituo, mahali ambapo raia hukimbilia wanapoogopa.

Tangu siku ile, katika nyumba za askari wa Geita, simu isiyopokelewa usiku haichukuliwi kama jambo dogo. Mama anaweza kumwambia mtoto, "Lala, baba yuko kazini," na yeye mwenyewe asilale.

Wasiovaa sare

Katika shukrani hizi kuna watu ambao husahaulika hata na wanaokumbuka polisi. Nao ni watumishi raia wa Jeshi la Polisi: karani anayepanga majalada, fundi anayehakikisha gari la doria linawaka, mpishi, mhudumu anayefagia. Jalada likipotea, kesi inakwama. Gari lisipowaka, mwizi anafika mbali. Hawapigiwi saluti, lakini bila wao sare zisingefika kwenye tukio.

Wapo pia walinzi wa jadi. Kanda hii ya Usukuma na Unyamwezi ndiko sungusungu ilikozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoshwa na wizi wa mifugo na uporaji. Hadi leo, kijiji kikipigwa yowe, wanaotoka kwanza mara nyingi ni majirani. Askari mwenye busara anajua kwamba bila majirani hao hawezi kujua nani mgeni na nani mwenyeji.

Katika mikoa mbalimbali, Jeshi la Polisi huwa na Siku ya Familia ya Polisi. Askari, watumishi raia, wenza na watoto hukutana, hucheza kuvuta kamba, hula pamoja, na waliofanya vizuri hupewa vyeti. Kwa mtoto, siku hiyo ina maana kubwa kuliko cheti. Anamwona baba au mama akicheka na sare ikiwa kabatini.

Wenye malalamiko nao wasikilizwe

Sifa zisizo na ukweli hazimsaidii mtu. Nyarugusu, kama kwingineko, wapo wazazi ambao wakisikia "tuwashukuru polisi" wanakunja uso. Mmoja aliombwa fedha ili mwanawe apate dhamana, wakati dhamana ya polisi haiuzwi. Mwingine alipeleka taarifa ya wizi, akazungushwa mpaka akachoka. Mwingine bado anauguza mwana aliyepigwa.

Watu hao hawapaswi kunyamazishwa na hafla. Kumshukuru askari mwema hakumfuti askari mbaya. Kinyume chake, aliyekaa lindo kwa uaminifu miaka 10 bila kupokea shilingi ya mtu ndiye anayechafuliwa zaidi na mwenzake anayeuza haki. Anayemtetea mwema lazima awe tayari kumlalamikia mbaya, kwa Mkuu wa Kituo, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, au kwa TAKUKURU.

Na mkoa huu umeona kinachotokea imani inapovunjika. Septemba 2024, huko Lulembela, Wilaya ya Mbogwe, wananchi walivamia kituo cha polisi wakitaka wakabidhiwe watu waliowatuhumu kuiba watoto. Katika vurugu zile, watu wawili walipoteza maisha.

Ukilitazama tukio hilo kwa jicho la mzazi, linaumiza pande zote. Nje ya kituo walikuwapo watu waliokuwa na hofu ya watoto wao. Ndani walikuwapo askari wenye watoto pia. Na walioondoka duniani ni watoto wa wazazi. Imani ya mji na kituo haijengwi siku ya vurugu. Hujengwa kabla, katika siku za kawaida ambazo hakuna anayeziandika gazetini.

Kwa nini bahasha isitumike

Hapa ndipo ugumu wa "wabeja" unapoonekana. Machimboni kila kitu kina bei. Maji yana bei, kivuli kina bei, hata nafasi ya kuegesha pikipiki ina bei. Kwa hiyo mtu aliyerudishiwa pikipiki yake iliyoibwa, au aliyepatiwa mwanawe aliyepotea, huona ni kawaida kuingiza mkono mfukoni. "Chukua afande, ya soda." Hana nia mbaya. Ndivyo alivyozoea kushukuru.

Lakini soda hiyo ina mkia. Kesho asiye na ya soda atafika kaunta, naye ataangaliwa mikono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa kama inavyombana anayepokea. Zaidi ya sheria, kuna mtoto aliyesimama pembeni. Akimwona baba yake anamlipa askari kwa kazi ambayo ni wajibu wake, anajifunza kwamba haki ni bidhaa. Na mtoto wa askari akimwona mzazi wake anapokea, anajifunza somo hilohilo kutoka upande wa pili.

Basi mji ambao kila kitu kina bei unahitaji kitu kimoja kisichonunuliwa. Asante kwa askari iwe hicho.

Asante inayofika

Ipo mifano ya shukrani ambayo haihitaji shilingi, na karibu yote inaanzia nyumbani.

Ya kwanza ni kuacha kuwatishia watoto kwa polisi. "Nyamaza, polisi huyo anakuja kukuchukua!" Maneno haya husemwa kila siku, na mtoto akinyamaza mzazi huona amefaulu. Siku mtoto huyo akipotea gulioni, atamwona askari na kujificha chini ya meza ya muuza mitumba. Siku akiguswa vibaya na mtu mzima, hatathubutu kwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kwa sababu ameambiwa tangu utotoni kwamba polisi ndio adui. Afadhali afundishwe kusalimia: "Shikamoo afande." Na afundishwe namba kwa kichwa: 112 ya polisi, na 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Ya pili ni kumtoa mtoto machimboni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazihesabu kazi za migodini kuwa kazi hatarishi, zisizoruhusiwa kwa mtoto. Bado wapo wanaoonekana mialoni wakibeba mawe au kuosha mchanga, wengine wakiwa wametumwa na wazazi. Mtoto aliyeko darasani anampunguzia askari tukio moja, na anajiongezea maisha.

Ya tatu ni ushahidi. Askari anaweza kupeleleza wiki nzima, akamkamata mhalifu, jalada likaenda mahakamani, kisha shahidi asionekane. Katika mji wa watu wanaohama, shahidi amekwisha kufuata mawe mapya wilaya nyingine. Mtuhumiwa anaachiwa, na mtaa unasema polisi wamekula hongo. Mzazi anayekubali kwenda kusema alichokiona, hata kama anapoteza siku ya kazi, amemshukuru askari kuliko aliyetoa noti.

Ya nne ni mlango wa jirani. Familia ya askari ikihamia mtaani, isalimiwe kama familia nyingine. Mama aonyeshwe maji yanakochotwa, gulio ni siku gani, mwalimu mzuri wa hesabu ni yupi. Mtoto wao aalikwe kucheza. Baba akiwa lindo wiki ya mwisho wa mwaka, watoto wake wasikose mtu wa kula naye pilau.

Ya tano ni karatasi moja. Aliyehudumiwa vizuri anaweza kumwandikia Mkuu wa Kituo barua fupi ya pongezi, akataja tarehe na kilichofanyika. Barua hiyo haigharimu kitu na inaweza kuingia kwenye kumbukumbu za askari. Na wananchi wakitaka kuchangia ujenzi wa kituo au choo cha kituo, jambo linalofanyika vijiji vingi, mchango upite serikali ya kijiji, utolewe stakabadhi, na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji mbele ya wote. Mchango wa wazi hauna anayedaiwa fadhila.

Jioni inarudi

Jua linapozama, vumbi la Nyarugusu linakuwa rangi ya shaba. Wachimbaji wanaotoka chini wanajimwagia maji kwa ndoo, na wanaume wanaoingia wanajaribu tochi zao. Mama ntilie wa asubuhi amebadilisha chapati kwa ugali na dagaa. Makarasha hayajanyamaza.

Kwenye beji ya Jeshi la Polisi kuna maneno mawili yaliyounganishwa na herufi mbili: Usalama wa Raia. Askari wa asubuhi ile anaipachika kofia yenye beji hiyo, anamkagua mtoto wake daftari la hesabu akiwa amesimama, anasahihisha swali moja, na anatoka.

Nje anapita mchimbaji aliyeibiwa pikipiki wiki iliyopita na kuipata. Mkono wake unaelekea mfukoni, kama ulivyozoea. Askari anatikisa kichwa. Mchimbaji anautoa mkono ukiwa mtupu, anaunyoosha, wanashikana.

"Wabeja, afande."

"Haya. Usiku mwema. Na tarehe ya mahakama usiisahau."

Dirishani, mtoto mwenye daftari ameona yote.